Darasa la Dobi

Shangazi yangu ni dobi, na ukitaka kumjua haraka, mpelekee shati lenye kola chafu halafu umwambie si lako. Atakutazama, atalitazama shati, kisha atakuambia shingo ni yako. Hana subira na uongo mdogo mdogo. Mkubwa ndiyo kabisa.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili, ya umeme na ya mkaa kwa zile siku umeme unapotususa, beseni la wanga, na mlango unaotazama ua wenye kamba za kuanikia. Nimefanya kazi humo tangu baba yangu, kaka yake, alipofariki. Nimeunguza nguo za watu, nimetukanwa, nimejifunza.

Jumatano jioni tulikuwa tunaisukuma meza ukutani na kupanga mabenchi, chumba kinageuka darasa. Sisi Wamethodisti, kwa asiyejua, hatuamini kwamba mtu atamfuata Mungu akiwa amejifungia peke yake. Kila muumini ana darasa lake: watu wachache na kiongozi wao, wanakutana kila wiki, na kiongozi anamuuliza kila mmoja kwa zamu, "Roho yako iko vipi?" Aliyeulizwa anasema, wengine wanasikiliza. Ndiyo shughuli yenyewe.

Sasa, swali likiulizwa miaka na miaka, jibu nalo linachakaa. Kwenye madarasa mengine watu wanajibu, "Namshukuru Mungu, ni salama," zamu inasonga, wanawahi nyumbani. Kwa Shangazi hilo halikupita. "Salama vipi?" anauliza. "Wewe na dada yako mmeshaongea? Au bado mnapishana sokoni kama hamjuani?" Watu walimwogopa, walimcheka pembeni, na hawakukosa hata wiki moja.

Mama Mapacha alikuwa mmoja wetu. Mume wake ndiye Msimamizi wa kanisa letu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani. Mabati ya kanisa alitoa yeye, na hakuna Jumapili aliyotuacha tukasahau. Ana sauti nzuri ya kuomba. Akianza, wamama wanatoa leso. Mkewe alikuwa anakaa mwisho wa benchi, na kwa miaka alijibu "salama" huku akitazama sakafu, na hata Shangazi alimwachia, maana kuna mtu ukimsukuma anavunjika.

Jumatano moja Shangazi alimuuliza kama kawaida. Akasema, "Roho sijui, dada. Mbavu ndizo zinaniuma."

Halafu akasema yote. Kwamba mumewe anampiga, si jana wala juzi, tangu mapacha wakiwa wachanga. Kwamba anachagua mahali pa kupiga ambapo gauni litafunika. Kwamba akimaliza anapiga magoti pale pale na kumwombea, kwa ile ile sauti, aache kumkasirisha.

Shangazi alihamia kwenye benchi lake. Kisha akauliza, "Unataka kurudi kwake leo?"

"Sitaki."

"Basi hurudi."

Tulimpeleka hospitali. Mbavu mbili. Mapacha walikuwa shule ya bweni, yeye akahamia kwetu, akalala kitanda changu, nami nikalala chini, na sikulalamika, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini.

Kesho yake Shangazi alikwenda kwa Mchungaji. Wachungaji wetu huhamishwa kila baada ya miaka michache, na huyu alikuwa ameletwa juzi juzi, kijana wa watu, mpole, ambaye dua yake kubwa ilikuwa aondoke siku moja akiwa ameacha amani. Nilikuwa nimebeba joho lake la ibada, tumelipiga pasi asubuhi ile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, ya darasani yanabaki darasani. Ndiyo utaratibu wetu."

"Mchungaji, kuna mbavu zimevunjika."

"Nimesikia. Tuwaombee wote wawili. Ndoa ni agano, na sisi kazi yetu ni kujenga nyumba za watu."

"Waombee wewe," alisema Shangazi. "Mimi nina mgonjwa wa kulisha."

Nilitamani kulitupa lile joho chini na kulikanyaga. Utaratibu ule uliwekwa ili mwenye dhambi apate mahali pa kusema bila kuumbuliwa. Haukuwekwa ili mwenye ngumi apate mahali pa kujificha. Na yule kijana alilijua hilo, amelisomea. Alilijua na bado akalitamka neno lile bila kumeza mate.

Msimamizi naye hakulala. Alizunguka kwa wajumbe wa baraza la kanisa mmoja mmoja, akanywa chai zao, akasikitika nao. Baraza likakaa. Likaamua Mama Mapacha arudi nyumbani kabla ya ibada ya Meza ya Bwana. Asiporudi, atatengwa, asipewe mkate wala kikombe. Na hawa ni watu ambao kila siku wanatuambia meza ile si ya kanisa, ni ya Bwana, na neema yake haimbagui mtu. Kumbe inambagua mwenye mbavu mbovu.

Kuhusu Shangazi, neno walilotumia ni "apumzishwe." Mwanamke amesimama kwenye pasi maisha yake yote, hakuna aliyewahi kumwambia kaa chini mama, leo ndiyo wanaona amechoka.

Darasa likabaki halina kiongozi, na hakuna aliyelitaka. Ndipo Msimamizi akasimama kwa unyenyekevu wake wa kuazima, akasema yeye atalibeba hadi apatikane mtu. Baraza likampigia makofi. Watu wazima, wasomi wengine, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba darasa lile ndilo la mkewe. Au walikumbuka, wakajua hatakuja. Hata leo sijui kipi ni kibaya zaidi.

Jumatano ilipofika, Shangazi alikuwa anapiga pasi kwa kishindo kana kwamba suruali imemkosea. Alisema hakanyagi huko. Nikamwona Mama Mapacha anafunga kitambaa chake kichwani mbele ya kioo, polepole, kwa sababu mbavu bado zilimuuma akiinua mkono.

"Wewe unakwenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Darasani."

"Si lazima, mdogo wangu."

"Najua si lazima. Lakini nina zamu yangu."

Shangazi akachomoa pasi.

Darasa lilikuwa limehamishiwa chumba cha nyuma ya kanisa, chenye viti vya plastiki na harufu ya vitabu vilivyonyeshewa. Msimamizi alipotuona tunaingia watatu, uso ulimbadilika kidogo tu, kisha akautengeneza. Alifungua kwa sala ndefu. Akaanza kuuliza.

Mwalimu mstaafu akajibu ni salama. Muuza mboga akajibu ni salama, anashukuru. Wale wale waliokuwa wanamwaga moyo kwa Shangazi, midomo ikawa mizito.

Akamfikia Shangazi. "Dada, roho yako iko vipi?"

"Ina hasira."

"Tutakuombea."

"Hasira hii usiiombee. Iache ilivyo."

Akacheka kistaarabu. Aliyefuata alikuwa mkewe, nami nilikaa baada yake. Akanitazama mimi.

"Binti, roho yako iko vipi?"

"Umeruka mtu," nikamwambia. "Zamu ni yake."

Muuza mboga aliacha kuchezea pindo la kanga yake. Msimamizi alijaribu kutabasamu, akaona hakuna wa kumpokea tabasamu, ikabidi amgeukie.

"Mama, roho yako iko vipi?"

Safari hii Mama Mapacha hakutazama sakafu. "Unaniuliza kama nani? Kama mume wangu au kama kiongozi wa darasa?"

Akakohoa. "Hapa mimi ni kiongozi."

"Sawa, kiongozi. Basi nikueleze shida yangu. Nina mume. Ni mtu wa kanisa, ukimsikia akiomba utalia. Ananipiga. Ameanza zamani, watoto wangu wachanga, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Mwezi huu amenivunja mbavu mbili. Baraza linasema nirudi kwake, nisiporudi nisiione Meza ya Bwana. Mimi meza ile naipenda. Lakini mwanamume yule namwogopa, kiongozi, mpaka nikisikia gari lake mkojo unanibana." Akavuta pumzi. Ilimuuma, tukaona. "Wewe ndiye umewekwa unichunge roho. Nimekuja kuuliza kwako. Unanishauri nirudi kwake?"

Mwenye duka yule, mwenye mabati, mwenye sauti, alilegeza kola ya shati lake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alinitafuta mimi kwa macho, akamtafuta mwalimu mstaafu, ambaye amekula naye mara ngapi sijui, na mzee wa watu akawa anamtazama kama wengine, anasubiri jibu.

"Tuombe," akasema Msimamizi.

Akasimama, akafumba macho, akainua mikono. "Baba wa rehema," akaanza, na sauti ilikuwa ile ile, nzuri, sitamnyima haki yake. Lakini katika chumba kile hakuna aliyeinamisha kichwa. Hakuna aliyefumba macho. Tulikaa kwenye viti vyetu vya plastiki tukamtazama anavyoomba, na alipofika katikati, aliposikia hakuna anayemwitikia amina, akafumbua jicho moja, akatuona.