Zamu Yangu ya Kavumu

Nililisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa bado chini kabisa, pale barabara inapoachana na ziwa na kuanza kupanda mtaa wetu wa Nguba, na mngurumo wake ulikuja ukivuka kuta za majirani: mwembamba kwanza, halafu mzito Baba alipopunguza gia kwenye kona, halafu mwembamba tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lango, kiganja kikiwa juu ya bati. Sikuhitaji kuona. Nilijua kaka yangu anarudi, zamu yake imekwisha, na baada yake hajabaki mtu ila mimi.

Lilikuwa gari dogo la kijani, la mbio, lililotengenezwa Italia, paa lake la turubai na viti vyake viwili tu. Babu alilinunua kwa mlimaji mmoja wa chai aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja. Siku alipolileta nyumbani, mtaa mzima ulitoka kucheka.

"Motokari ya watu mbili," jirani alimwambia, "na uko na batoto tisa. Bale bengine utabafunga kamba nyuma?"

"Njo maana nilinunua," Babu alijibu. "Mu nyumba hakuna fasi ya kusikia mutoto moja."

Hivyo ndivyo desturi yetu ilivyoanza. Jumapili inayofuata kipaimara chake, kila mtoto wa ukoo wetu aliketi peke yake na baba yake ndani ya gari lile, wakaenda hadi Kavumu, kaskazini ya mji, na kurudi. Njiani walisimama kijijini Miti kula mahindi ya kuchoma. Mara moja tu katika maisha. Babu aliwapeleka watoto wake tisa, na Baba akatupeleka sisi, mmoja mmoja. Asiyekulia katika nyumba kama yetu hawezi kuelewa. Baba alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu. Asubuhi alikuwa wa wanafunzi, mchana wa makaratasi, jioni wa wageni, na sisi watoto watano tulimgawana mezani kama mkate. Sikumbuki hata siku moja katika utoto wangu ambapo mimi na yeye tulikuwa wawili tu.

Kaka yangu aliposhuka, alikuwa na punje ya hindi kwenye kidevu na uso wa mtu aliyekabidhiwa kitu.

"Mulisema nini?" nilimuuliza.

"Utaona siku yako."

"Niambie kimoja tu."

Akafikiri. "Usivae kofia. Upepo itaibeba."

Mwaka wa kipaimara changu, vita viliingia mjini. Tulikimbia, tukarudi, tukazoea. Kipaimara chenyewe nilikipata baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, bila gauni jeupe, na Jumapili iliyofuata hapakuwa na gari la kupanda. Wakati ule askari walichukua chochote chenye magurudumu, kwa hiyo watu wa Bukavu walijifunza kuyachinja magari yao wenyewe. Jirani yetu daktari alilala miaka juu ya injini, kaificha chini ya kitanda. Mwingine alizika giaboksi katika shamba la mihogo. Letu tulilitawanya kama familia inavyotawanywa na vita. Magurudumu manne yalikwenda Nyangezi kwa shangazi yangu. Kabureta ilizamishwa ndani ya ndoo ya maharage, milango ikafichwa darini. Bodi, injini ikiwa imelala ndani yake, ilikalishwa juu ya mawe nyuma ya jiko, kuku wakahamia. Na viti viwili, vile vya ngozi nyekundu, Babu alivipigilia miguu ya mbao akaviweka sebuleni.

Siku moja alikuja afisa, mtu mwenye adabu, akavua kofia mlangoni.

"Muzee, tunasikia uko na motokari ya mbio."

"Niko na maiti yake," Babu alisema. "Kuku banalala ndani. Kwenda uone."

Afisa akaenda, akaona, akarudi akifuta kinyesi cha kuku kwenye buti. Mama akamkaribisha chai. Akaketi, akajinyoosha, akapapasa ngozi nyekundu pembeni mwa mapaja yake.

"Kiti hii iko muzuri sana. Inashika mugongo."

"Njo maana nakaaka hapo kila siku," Babu akasema. "Ongeza sukari, mwana."

Alipoondoka, Mama alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge na kucheka hadi akakaa sakafuni. Ulikuwa mwaka mbaya, na ndicho kicheko chake ninachokikumbuka kuliko vyote.

Baba hakuweza kuiacha ile bodi. Baada ya shule alifukuza kuku, akaweka kreti mbili za bia mahali pa viti, akaniita. Pale juu ya mawe alinifundisha kuendesha. Usukani ulikuwepo, pedali zilikuwepo, mkono wa gia ulikuwepo. Yeye alinitajia barabara.

"Sasa tumetoka mu ville, mujini. Weka ya tatu. Mbele kuko mama na mbuzi, punguza. Punguza, utamuua. Kona ya kushoto. Ziwa iko upande gani?"

"Kuume."

"Muzuri. Ongeza moto."

Babu alipita na fimbo yake, akainama kutuchungulia. "Munafika wapi?"

"Karibu na Miti, Papa," Baba alijibu, macho mbele.

"Munisalimie watu wa kule."

Kaka zangu na dada zangu walisema ile ndiyo zamu yangu, zamu ya mawe, nishukuru. Sikukubali kuihesabu. Juu ya mawe Baba hakuwa wangu. Kila tulipofika kwenye kona nzuri, mtu alibisha langoni, na mwalimu akatoka garini kupitia mahali pasipo na mlango.

Nilikuwa nakaribia mwisho wa sekondari Baba alipoanza kulikusanya gari. Barabara ya Kavumu ilikuwa imetulia kidogo, kwa utulivu wa siku zile ambao mtu hakuuamini lakini aliutumia. Alitoa kabureta kwenye maharage, akaiosha kwa petroli. Alikwangua kutu kwa kisu cha jikoni, kisha kwa msasa, kisha kwa kitambaa tu, na mimi nilikuwa kando yake kila alasiri, mikono ikinuka mafuta, moyo ukiimba. Zamu yangu ilikuwa inarudi kipande kwa kipande.

"Papa, tutaenda lini?"

Alikuwa anasugua buji, zile pua ndogo zinazorusha cheche, kwa mswaki wa zamani. Hakuinua kichwa.

"Ikipona, utaenda nayo Kavumu. Kule utapanda ndege. Mama yako mudogo anakungojea Nairobi, utamaliza masomo kule."

"Na kurudi?"

"Vita ikiisha."

Akaendelea kusugua. Aliisugua buji ile ile kwa muda mrefu sana.

Tangu siku hiyo nililiombea gari lisipone. Nililitamani na kuliogopa kwa pumzi moja: nikipata njia ile pamoja naye, nitampoteza mwisho wake. Nilimpa spana aliyohitaji, kisha ndani ya moyo wangu nikaomba kipande fulani, popote kilipo, kiwe kimevunjika.

Shangazi yangu wa Nyangezi alinijibia ombi hilo. Kwa kuwa askari walikuwa wanachimbua mashamba kutafuta vitu vilivyofichwa, yeye aliyaweka magurudumu katika shimo la kuivishia ndizi, akayafunika kwa majani ya mgomba, akapanga mikungu juu yake. Hesabu yake ilikuwa safi: askari anataka kasiksi, bia yenyewe ya ndizi, hawezi kuhangaika na ndizi mbichi. Lakini shimo lisilotoa moshi lingeleta maswali. Kwa hiyo kila msimu aliliwashia moto pembeni kama desturi inavyotaka, moshi ukaingia chini, joto likakaa siku kadhaa, ndizi zikaiva, bia ikapikwa, watu wakanywa. Tulipokwenda kuyachukua, mipira ya magurudumu ilitoka laini kama chapati, imebonyea upande, inanuka ulevi.

Baba alisimama kando ya shimo, mikono kiunoni.

"Dada, umeivisha pine za motokari."

"Nilizichunga miaka yote," shangazi akasema. "Hakuna askari aliigusa."

"Hata mimi siwezi kuigusa."

"Basi unilaumu. Lakini kunywa kwanza."

Tulirudi Bukavu na chupa mbili za kasiksi na vyuma vinne vitupu. Mimi nilimpenda shangazi yangu kwa upendo nisioweza kuuonyesha. Alikuwa amenipa msimu mzima wa mvua.

Mipira mingine ilipatikana hatimaye, kwenye kigari cha mizigo kilichokuwa kimeanguka mtaroni zamani. Ilikuwa mikubwa kidogo. Kila gari lilipokata kushoto, mpira ulisugua bati, ukalia. Baba akasema basi, kulia siyo ugonjwa. Tukang'oa miguu ya mbao, tukarudisha viti na milango.

Mama alijaribu. "Mupande taxi kama watu. Hii itaita macho yote."

"Bale batoto ine nilibapeleka nayo," Baba akasema.

"Ilikuwa amani."

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeondoka. "Mwache ampeleke," alisema. "Hii motokari haikuwa ya kulaza kuku."

Tulitoka Jumapili baada ya misa ya kwanza, sanduku langu likiwa limefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Sitaeleza langoni palikuwaje. Tulishuka Nguba, tukapita mjini, tukaingia barabara ya kaskazini, na nilipogeuka nikaona kwamba hakuna mtu mwingine, kweli hakuna, ni bega lake na bega langu na upepo. Ziwa lilikuwa kuume, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimekusanya maswali kwa miaka: kama alimpenda Mama tangu siku ya kwanza, kama aliogopa usiku wa mabomu, kama kati yetu watano yuko anayemwelewa zaidi.

"Sema," akaniambia. "Njo fasi yake."

Yote yalikuwa yamepotea. Nikauliza lililobaki: "Bale bengine uliwaambia nini?"

Alicheka kwa pua. "Unataka kweli? Kila mara napanga maneno tangu nyumbani. Usiku siwezi kulala, napanga. Tukikaribia Miti, najikuta naeleza embrayage, ile pedali ya kushoto."

"Na Koko, papa yako, yeye alikuambia nini?"

"Embrayage."

Tulicheka hadi gari likayumba. Halafu nikasema, "Basi nieleze."

Akanieleza. Alinieleza pedali ya kushoto, jinsi mguu unavyopaswa kuiachilia polepole, jinsi mashine na magurudumu yanavyokutana bila kugombana, mambo ambayo juu ya mawe aliniambia mara nyingi. Nilisikiliza kila neno. Mashamba ya chai yalipita, watoto walikimbia kando yetu wakipiga kelele, kona za kushoto zililia, naye alikuwa anasema na mimi, na mimi tu, na hakuna aliyebisha.

Miti alisimamisha gari bila kuzima mashine, kwa kuwa aliogopa haitawaka tena. Muuza mahindi alilizunguka kwa macho.

"Papa, hii motokari uliikata nusu? Ile ingine iko wapi?"

"Niliachia mama ya huyu."

"Kinywa uliileta huku mbele. Ile ya nyuma inakula na nini sasa?"

Nilikula hindi langu punje kwa punje, kama ndege mgonjwa. Baba aliona, akaendesha polepole. Malori yalitupita, hata mwanamume mmoja kwenye baiskeli yenye magunia ya makaa alitupita.

Karibu na uwanja wa ndege palikuwa na kizuizi cha kamba. Askari kijana alikuja, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Iko ya nani?"

"Ya huyu," Baba alisema. "Leo iko zamu yake."

"Mi pia nataka zamu." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaishusha kamba. "Mupeleke. Ukirudi tutaonana."

"Tutaonana," Baba akajibu.

Tulipovuka nilimwambia asipite tena pale. Akasema barabara iko moja. Nikasema basi nitarudi pamoja naye. Akasema, "Hata ukirudi na mimi watabeba motokari, na ndege itakuwa imekwenda."

"Ulijua?"

"Tangu tulitoa viti mu salon."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alifika nyumbani jua likizama, juu ya lori la makabichi, akaomba maji, akamwambia Babu gari lilipanda vizuri sana.

Mbele ya jengo la uwanja hakuweza kushuka. Angeondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, mashine ingezimika. Kwa hiyo alinivuta kichwa kwa mkono mmoja, paji la uso wangu likagonga taya lake, na nikausikia mguu wake wa kulia ukitetemesha gari zima. Nilishuka, nikafungua kamba za sanduku, nikarudi kusimama pale upande wangu, nimeushika mlango kwa juu. Watu walikuwa wameanza kupanga mstari. Niliitazama ngozi nyekundu ya kiti, mahali nilipoibonyeza, ikijaa tena taratibu.

"Kwenda," akasema.

Sikuuachia. Ndipo akainama, mguu bado kwenye pedali, akajinyoosha juu ya kiti changu kitupu, akautoa mlango mkononi mwangu, akaufunga.