Dereva ‘Wa Pili’ na shuka za mama mkwe

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya mbio za mwisho wa msimu, Volkmar Esch anaanika shuka. Ovaroli ya mashindano ameshaivaa, mikono ya ovaroli hiyo ameifunga kiunoni, na vibanio vitatu vya nguo viko mdomoni. Mchana huu atapita juu ya daraja la hapa Breidscheid kwa kasi ya kilomita mia mbili kwa saa. Kwa sasa anaambiwa shuka ya tatu imekaa upande.

“Vuta hapo, mwanangu. Hiyo kona inaburuzika,” anasema mama mkwe wake, Billa Krämer, mwenye miaka 81, aliyejikalia kwenye kiti cha jikoni kilichotolewa nje.

“Mama, mimi leo nina mbio.”

“Na mimi nina shuka.”

Bega la kulia la Billa liliharibika miaka sita iliyopita. Tangu hapo, kila Jumamosi ya mbio, Volkmar humwanikia nguo kabla ya kwenda uwanjani, na ujira wake ni kahawa na mkate mweusi uliopakwa jamu ya plamu. Kuanua, Billa huanua mwenyewe, kwa mkono mmoja, polepole. Inambidi aanze mapema, na hapo ndipo ilipo sifa yake. Katika milima hii ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, mvua humnyeshea jirani ikakuacha wewe mkavu, lakini nguo za Billa hazijalowa hata siku moja.

“Nikianza kuanua, una nusu saa,” anasema. “Usiniulize nimejuaje. Ni bega linalojua.”

Volkmar ana miaka 53. Siku tano kwa wiki huendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, kazi inayompa euro 2,700 kwa mwezi. Mbio za masafa marefu, zile ambazo madereva watatu hupokezana gari moja kwa saa nne au zaidi, hazimpi hata ya petroli. Amezikimbia kwa miaka 31.

Katika miaka hiyo ameingia mashindano 213, akawa wa pili mara kumi na nne, na wa kwanza hajawahi kuwa. Mara moja tairi lilichomoka akiwa anaongoza. Mara nyingine petroli ilimwishia mbele ya macho ya mwenye bendera. Kwenye baa za mji wa Adenau hakuna anayemwita Volkmar. Anaitwa Wa Pili.

“Hata siku ya harusi kanisani alifika wa pili,” anasema mkewe, Irmtrud. “Wa kwanza nilikuwa mimi, na shela langu, nimesimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi.”

Irmtrud hucheka akisema hivyo. Jumatano iliyopita hakucheka. Mumewe alirudi nyumbani, akakaa ndani ya gari mbele ya mlango dakika ishirini nzima, mikono kwenye usukani. Alikuwa ametoka gereji kwa Gundula Retterath, mwenye timu anayoiendeshea kwa miaka kumi na tisa sasa.

“Hakunizungusha,” anasimulia Volkmar. “Aliniambia, ‘Kuna daktari wa meno wa Köln anakitaka kiti chako. Jumatatu namjibu. Nipe sababu ya kumkatalia.’ Nikamwambia, bosi, miaka kumi na tisa hii si sababu? Akasema, ‘Miaka kumi na tisa bila kombe, Volkmar. Hiyo ndiyo sababu yake yeye.’”

Iliuma. Mtu anaweza kuchekwa baa miaka thelathini na asijali, maadamu Jumamosi atakaa tena kwenye kile kiti. Volkmar bila kile kiti ni dereva wa maziwa anayesikia ngurumo za magari ya wenzake zikitoka mlimani.

Zamu ya mwisho ya Jumamosi hiyo ya mbio ilikuwa yake. Ilipobaki mizunguko mitatu, gari lao katika kundi la magari madogo lilikuwa, kama ilivyo ada, la pili. Ndipo mvua ilipoanza kudondoka pale kwenye vituo vya timu. Aliyekuwa akiongoza akaingia kubadili tairi, na wa tatu na wa nne wakamfuata.

“Volkmar, ingia!” Gundula alipiga kelele redioni. “Mvua hiyo!”

Volkmar alikuwa kwenye tairi vipara, zile za njia kavu, ambazo zikikanyaga maji hazishiki kitu. Lakini mzunguko mmoja huko ni kilomita 24, na dakika tano nyuma alikuwa amepita juu ya daraja, akatupa jicho uani kwa Billa.

“Siingii.”

“Unasemaje?”

“Shuka bado ziko nje, bosi.”

“Shuka za nani?”

“Za Mama.”

Kilichofuata Gundula mwenyewe anakiri hakifai kuchapwa gazetini. Sehemu inayofaa ilikuwa hii: “Ukiligonga gari langu usirudi hapa! Nenda kwa mkweo ukaanike nguo mpaka ufe!”

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya Eifel ni waongo, na Volkmar aliamua kuamini kamba ya nguo. Kona tatu za kwanza gari lilimteleza kama sabuni bafuni. Ya nne ikawa kavu. Alipofika darajani, shuka zote nne zilikuwa zikipepea. Nyuma yake wenye tairi za mvua walikuwa wakiziunguza kwenye lami kavu, na mmoja baada ya mwingine wakarudi kuzibadili tena.

Mzunguko wa pili, shuka zilikuwa bado zipo. Mzunguko wa mwisho, akiwa anaongoza, alimwona Billa amesimama, mkono mmoja juu, anatoa kibanio cha kwanza.

“Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti, na machozi yakanitoka,” anasema. “Mama alikuwa ananipa nusu saa. Mimi nilihitaji dakika tano.”

Alishinda kwa sekunde 48. Mvua ilishuka wakati anakabidhiwa kombe, ikamlowesha yeye, Gundula na kila aliyekuwa akilia, nao hawakuwa wachache. Kutoka upande wa watazamaji sauti moja ilipaa: “Wa Pili! Sasa tukuiteje?”

Jioni, jikoni kwa Billa, shuka nne kavu zilikuwa mezani, zimekunjwa. Volkmar akaliweka kombe pembeni yake.

“Toa hicho chombo, kinachuruzika maji,” alisema Billa. Kisha akamvuta mkwewe kwa mkono wake mzima, akambusu kwenye paji la uso.

Gundula aliingia akikung’uta mwavuli. Alisalimia, akakaa, akazitazama zile shuka.

“Mama Billa, mwakani utafua kila Jumamosi ya mbio?”

“Nitafua. Ila aje na vibanio vipya, hivi kavitafuna.”

Volkmar aliweka chini kikombe cha kahawa. “Bosi,” aliuliza taratibu, “na yule daktari wa meno?”

“Aa, yule,” alisema Gundula, akiuvuta mkate upande wake. “Yule hajui kuanika.”