Mguu Wangu Siku ya Mahari ya Furaha

Naona haya kuisimulia hii, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wanawake wa Majengo, ambao wanayo video yake kwenye simu zao na kila mmoja huisimamisha pale panapomchekesha zaidi. Siku ile nilimwaibisha Furaha, binti wa marehemu kaka yangu, mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyenilazimisha, ni kiburi changu tu na mguu wangu wa kulia.

Mguu wenyewe niuseme. Kidole gumba kimeinama kuwafuata wenzake, na mfupa wa pembeni, pale kidole kinapoungana na mguu, umetokeza nje kama kiazi kidogo (wa kushoto nao umeanza, ila huo bado una adabu). Mama yangu alikuwa nao, kaka yangu vilevile, na miaka yangu yote ya kusimama sokoni na viatu vya kubana, juu ya mawe haya yetu ya volkano, ilizidi kuusukuma. Mwezi mmoja kabla ya mahari nilikwenda kwa kine, yule wa kunyoosha viungo, akanieleza bila kunificha kwamba mfupa ule haurudi kwa kupaka dawa wala kwa kufunga, kinachowezekana ni kutuliza maumivu na kuzuia usizidi: viatu vipana mbele na vya kisigino kifupi, kitambaa laini katikati ya vidole, barafu ukivimba, mazoezi, na maumivu yakikataa kabisa ndipo nimwone daktari tuzungumze habari ya kupasua. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikatoka pale moja kwa moja kwenda kununua viatu vyekundu vya ncha, namba thelathini na nane. Mimi navaa arobaini.

Mnisamehe, nilikuwa na sababu. Kwetu shangazi ndiye anayemtoa bibi-arusi chumbani na kumkabidhi kwa wakwe, na kaka yangu kabla hajafa alinishika mkono akaniambia, "Siku ya Furaha, ni weye utamutosha inje, aiko mutu mwingine." Nilimlea Furaha nyumbani kwangu, mtaa wa Mapendo, tangu akiwa darasa la pili. Basi nikajiambia kwamba wakwe wakiuona mguu huu watasema ukoo una mifupa mibovu, watamwangalia mtoto kwa jicho lingine. Jirani yangu Mama Kavira, ambaye ana dawa ya kila kitu isipokuwa ya mdomo wake, akaniletea kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki: "Funga nayo kidole na nguvu, mama, siku tatu tu mufupa itarudia ku nafasi yake." Nikafunga, na sikuufungua hata siku yenyewe. Furaha aliponiona nachechemea akanisihi, "Shangazi, minakuomba, vala tu sandale." Nikamwambia mtoto hamfundishi mtu mzima kuvaa.

Sasa mnajua mchezo wetu: bibi-arusi hatolewi mara ya kwanza. Unamtoa msichana mwingine aliyefunikwa kitenge gubigubi, wakwe wanachungulia, wanakataa, unamrudisha, unamtoa wa pili, wanakataa tena, ndipo wa tatu awe mwenyewe. Maana yake shangazi anauvuka uwanja mara tano, jambo ambalo nililihesabu baadaye.

Na msichana wa kwanza nilitabasamu. "Aiko uyu!" wakapiga kelele wakwe. Na wa pili nilitabasamu huku machozi yananitoka, watu wakadhani ni uchungu wa mlezi. Tuliporudi chumbani nikakaa kitandani nikavua kile kiatu, dakika moja tu nipumue, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu mguu ulipotoka kiatuni ulivimba palepale, na nilipotaka kuurudisha ukagoma. Nje wanapiga makofi, wanaimba, wanamdai bibi yao. Nikapaka mafuta ya kujipaka, nikasukuma, ukaingia nusu, kisigino kikabaki nje, nikamshika Furaha mkono tukatoka hivyo hivyo.

Katikati ya uwanja sikuusikia tena mguu (ule mpira ulikuwa umezuia damu). Kiatu kikaenda upande wake na mimi upande wangu, na mkono ukitafuta pa kushika ukakamata kitenge kilichomfunika Furaha, nikaanguka nacho. Akabaki amesimama wazi, mdomo umeachama, kabla wakwe hawajaulizwa lolote.

"Bibi yetu ni ule!" akalia msemaji wao. "Tumeisha kumuona, shangazi mwenyewe ametufungulia!"

Uwanja mzima ukacheka. Kisha mama mkwe akainama, akautazama mguu wangu na mpira wake mweusi, akauliza kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko, "Maskini, mama, ni nani alikufunga ivi?"

Furaha akajibu kwa niaba yangu. Akainua kidogo kitenge alichojifunga kiunoni, akaonyesha mguu wake ndani ya sandale pana, na mfupa wake uliokwisha kuanza kutokeza. "Ni ya familia, mama. Bwana yangu anaijua tangu zamani." Mama mkwe akasema tu, "Basi mumuletee kiti." Yale niliyoyaogopa mwezi mzima yakaisha kwa maneno matatu.

Nilijaribu kusimama, nikashindwa. Bibi-arusi naye hawezi kutembea peke yake kama asiye na watu, kwa hiyo aliyemshika mkono na kumfikisha kwa wakwe ni Mama Kavira, naam, Mama Kavira wa mpira, akipiga vigelegele na kucheza kama ndiye aliyemzaa. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu ndani ya beseni la maji baridi, migongo ya watu imenizingira, nikisikia tu.

Kabla hawajaondoka naye, Furaha alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Shangazi, mi sikukasirika. Lakini nilikuwa nataka ikuwe weye." Nikamrudishia kile kitenge mabegani, nikamwambia aende, wakwe wanamngoja.

Siku hizi natembea na sandale za kiume, pana, hata kanisani, kwa kine nakwenda kila anaponiita, na maumivu yamepungua sana. Nimeapa sitaficha tena kinachoniuma kwa ajili ya macho ya watu. Lakini Furaha ni mmoja tu, na bibi-arusi anatolewa mara moja.