Mama Alipochimba Kisima Ufukweni

Enzi zetu pale Point, mtoto aliyetaka kujua kitu alimuuliza mtu. Najua mtacheka: msichana wa miaka ishirini na kidogo ana enzi gani? Lakini ninyi mliokulia Durban kabla kila mtoto hajapewa simu yake mnanielewa. Mnayakumbuka magwinya, yale maandazi ya asubuhi, yanafungwa kwenye gazeti yakiwa bado moto, vidole vinanuka mafuta na wino hadi saa ya mapumziko. Mnakumbuka tulivyoruka kamba ya soksi za nailoni kwenye korido za ghorofa, mlinzi anapanda ngazi akitukana kwa Kizulu na sisi tunajifanya hatumwelewi. Mnaikumbuka pia harufu ya makayabu, yule samaki wa chumvi wa mama zetu wa Kikongo. Akiingia sufuriani ghorofa ya pili, ghorofa ya sita wanafunga madirisha.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Baba, mtu wa Uvira kule Kongo aliyefanya kazi kiwanda cha rangi kule Jacobs, alikuwa akirudi jioni anavua viatu mlangoni na kusema, "Riziki, leo unipe kwanza maji, maswali itafuata." Wakubwa walipenda kutuambia kuuliza si ujinga, kisha ukiuliza mara ya tatu wanakutuma dukani.

Swali langu kubwa lilikuwa Turkana. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa bado nanyonya, katika kambi ya Kakuma, kaskazini kabisa mwa Kenya. Baba akamwoa Akiru, binti wa Kiturkana wa papo hapo, na huyo ndiye ninayemwita Mama mpaka leo. Mwaka 2008 tulihamia Durban, mimi nikiwa na miaka minne. Kwa hiyo nilitoka mahali ambapo sikupakumbuka hata jiwe moja. Shuleni mwalimu alipotuambia kila mmoja ataje alikotoka, wenzangu wa Lubumbashi na Bukavu walipita salama. Niliposema Turkana, hakuna aliyepajua. Mwalimu akanipeleka kwenye ramani ya ukutani. Tukaliona ziwa, jembamba na refu, lakini pembeni yake karatasi ilikuwa ya rangi ya mchanga tu, bila jina la mji hata mmoja. Nikarudi nyumbani na hilo kichwani: sasa watu wamekaa wapi humo?

"Mama, kule watu wanakaa wapi?"

"Wanakaa pahali mbuzi iko."

"Na mbuzi wanakaa wapi?"

"Pahali majani iko."

"Na majani je?"

"Hiyo uliza mvua," akasema, akaendelea kukanda chapati.

Lakini hakuwa mchoyo wa habari. Alinyunyiza unga juu ya meza na kuchora kwa kidole. Huku mashariki ziwa, maji yake yana magadi na yanabadilika rangi kutwa. Huku magharibi milima, ng'ambo yake Uganda. Katikati Lodwar, mji wenyewe, na mto Turkwel unaopita hapo ukiwa na mikoma kando yake, ile minazi ya jangwani ambayo matunda yake watoto hutafuna siku nzima kama pipi. Nyumba hujengwa kwa makuti yake, mviringo, mlango mdogo unaingia kwa kuinama. Usiku joto likizidi watu wanalala nje. Mawe ni meusi, na upepo huamka kabla ya watu. Kisha akasukuma chapati juu ya nchi nzima, tukaila na chai.

Mama mwenyewe alikuwa ramani ya pili. Alioga kwa kikombe kimoja cha maji akatoka anang'aa, wakati mimi nilimaliza ndoo na bado masikio machafu. Mvua ikinyesha, akina mama wote wa jengo wanakimbilia ndani kuokoa nywele, yeye anatoka. Anasimama uani, uso juu, anailamba. Mama Odette wa ghorofa ya nne, aliyekuwa na saluni karibu na soko la Warwick na mdomo usio na breki, alimpigia kelele dirishani: "Mama Riziki, kichwa iko sawa kweli?" Mama anacheka tu.

Kitu ambacho hatukukubaliana naye kabisa ni mto. Alituambia kwao Kakuma kuna mto uitwao Tarach, na kwamba alipokuwa mdogo alitembea ndani yake kwenda kwa shangazi yake, mbuzi mbele, na miguu inaungua kwa joto. Rafiki yangu Thando, Mzulu wa mlango wa pili aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kula kwetu, aligoma.

"Eish, Ma, mto bila maji si ni barabara?"

"Mto ni mto. Maji imelala chini. Unachimba, unaiamsha."

Tulicheka mpaka Thando akapaliwa na chai. Wakati mwingine, akasema Mama, mto huo huja juu wenyewe, anga jeupe bila wingu, kwa sababu mvua imenyesha milimani mbali, na mwenye mbuzi wake mchangani akichelewa kuwatoa amekwisha. Hapo hatukucheka. Niliuliza maswali mpaka taa zikazimwa.

Halafu mwaka 2013 mjomba Lopeyok, kaka yake Mama, akapiga simu. Kule kwao simu inashika juu ya kilima, kwa hiyo mtu akipiga ujue amepanda. Alianza kwa furaha: sasa sisi ni kaunti, tuna gavana wetu, barabara itakuja. Kisha sauti ikashuka. Mvua imekataa. Mbuzi wanakufa, na yeye itabidi aondoke na ngamia waliobaki kuelekea milimani. Bibi, mama yao, miguu haimbebi tena, atabaki na majirani. Akiru ndiye binti wa pekee. Je, anakuja?

Mama alisema atapiga.

Jambo lilikuwa hivi, na nililielewa vizuri ingawa nilikuwa na miaka tisa. Nauli iliyokuwepo ni ya mtu mmoja, na karatasi zetu za kukaa Afrika Kusini zilikuwa za shida. Mama akitoka, kurudi ni Mungu tu. Nilimsikia Baba jikoni: "Ni mama yako, Akiru. Mi siwezi kukukataza. Lakini na huyu mutoto?" Mama akasema, "Najua."

Najua! Neno gani hilo la kumwachia mtoto? Nilikuwa nimeshapoteza mama mmoja nikiwa sijui kitu. Huyu wa pili ningempoteza nikiona kwa macho, na niliogopa kweli. Maswali yangu yakabadilika. Zamani niliuliza ngamia anakunywa nini. Sasa niliuliza kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni mwendo gani, kama basi linapita kila siku, kama mto ukija juu barabara inafungwa. Mama alijibu yote kwa utulivu, na kila jibu lilikuwa mbali zaidi ya lililopita. Lile swali lenyewe sikuthubutu kuliuliza.

Ni katika wiki hizo bomba la jengo letu lilipopasuka na mwenye jengo akapotea. Tukawa tunabeba maji kutoka kituo cha mafuta karibu na robot, yaani taa za barabarani, mpaka wenye kituo wakatuchoka wakafunga mfereji. Mama Odette alishuka ngazi na bidoni yake, dumu tupu, akiimba matanga: "Tutakufa na kiu, huku Durban, nani angeamini!" Mama alikuwa dirishani. Kutoka kwetu ufukwe ulionekana kati ya majengo mawili.

"Mchanga yote hiyo," akasema polepole, "na nyinyi munalia maji?"

Jumamosi asubuhi akachukua sufuria, beseni na bakuli, akatukusanya watoto wa korido nzima. Tukamfuata kwa mstari. Wale vijana wa kuteleza juu ya mawimbi walitupisha na mbao zao. Mama alitembea juu, mbali na maji, karibu na majani ya kwenye vilima vya mchanga. Alipiga magoti, akachota mchanga, akaunusa, akahamia pembeni, akaunusa tena. Kisha akajifunga kanga na kuanza kuchimba.

Msimcheke bado. Mwanamke huyu aliyajua maji ya ziwa lenye magadi na akajua kwamba hatua chache kutoka hapo, ukichimba, unakunywa. Bahari aliiona ni ziwa tu lililokosa adabu.

Alitupanga kama wanavyopangana kwao kisimani: yeye chini anajaza bakuli, mtoto anapokea, anampa mwenzake, mwenzake anamwaga, bakuli linarudi. Akaimba. Alisema kwao kila mnyama ana wimbo wake wa kuitiwa maji, akamwimbia ng'ombe wa baba yake, ng'ombe aliyekufa zamani, na sisi tukaitikia bila kujua maneno. Watu wakajaa. Walikuwepo akina mama wa Kizulu kutoka bara, waliokuja kujaza chupa maji ya bahari ya kupeleka nyumbani kwa dawa. Mmoja akamsikitikia, akamshika bega na kumwonyesha bahari kwa kidole, labda hajaiona.

Shimo likamfika kiunoni, mchanga ukawa mweusi, kisha maji yakachuruzika. Tulipiga kelele! Thando akaruka, "Yameamka, yameamka!" Mama akachota bakuli la kwanza na kulimwaga chini, maana hilo si la mtu. La pili akalionja.

Niliuona uso wake. Alitema pembeni.

"Chumvi," akasema.

Mama Odette, ambaye alikuwa amekuja "kutembea tu," akashika mbavu. "Mama Riziki! Unachimba chumvi pembeni ya bahari? Si iko pale, bure!" Watu wote wakaangua kicheko, hata wale wasiojua Kiswahili. Mimi sikucheka. Nilijua imekwisha. Mji huu umemkatalia hata maji, atabaki kufanya nini? Na mdomo wangu, ule usiojua kukaa, ukafunguka mbele ya wote.

"Mama, ndiyo unaenda?"

"Naenda wapi?"

"Kwenu."

Alikuwa ndani ya shimo na mimi juu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu ndiye aliyeinua macho kunitazama. Hakuharakisha. Alijifuta mchanga mdomoni kwa nyuma ya mkono.

"Kisima ikitoa chumvi, kwetu hatuhami," akasema. "Tunasonga kidogo, tunachimba ingine."

Akanipa mkono nimvute. Akasogea juu, mpaka kwenye mizizi ya majani, akapiga magoti. "Leta bakuli, Riziki. Unalia nini?"

Kisima cha pili kilitoa maji ambayo hayakuwa matamu, ila yalifaa kuoshea vyombo na kufulia. Nawaapia, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Odette na bidoni yake. Jioni ile Mama alimpigia mjomba, aliyekuwa akingoja kilimani, akasema haji, naye Baba akaituma ile nauli yote Kakuma iwe chakula cha Bibi na mtu wa kumchotea maji. Mimi nililala usingizi wa mfalme.

Mwaka uliofuata simu ilitoka tena kilimani. Bibi alikuwa amefariki. Mama alinyoa nywele zote, akakaa dirishani siku nyingi, akiupa ufukwe mgongo. Ni wakati pekee ambao sikumuuliza kitu.

Leo bado tunakaa Point, jengo jingine, maji yapo. Mdogo wangu Ewoi, aliyezaliwa 2015, ana simu kubwa kuliko kiganja chake. Juzi nilimwambia mama yetu anatoka Turkana. Akabonyeza, akaishusha nchi yote kutoka angani, nikauona Tarach kwa macho yangu, mstari mweupe kwenye udongo. "Dada, iko brown tu," akasema, akarudi kwenye mpira wake wa kwenye kioo. Miaka niliyotumia kuuliza, yeye alimaliza kabla chai haijapoa, na hakubaki na swali hata moja! Mama alikuwa pembeni anachambua maharage, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikakaa karibu naye. Nikauliza lile nililoliacha tangu utoto: siku ile alipomwambia Bibi kwamba haji, Bibi alisemaje?

"Lopeyok alimbeba mpaka kilima ndiyo tuongee," Mama akasema. "Nikamwambia siji. Aliniuliza swali moja tu."

"Swali gani?"

"Kama wewe unashiba."

Mbuzi wameisha, miguu haimbebi, amepandishwa kilima mgongoni mwa mwanawe kwenda kusikia kwamba binti yake haji, na mwanamke yule ambaye siukumbuki uso wake anauliza habari za tumbo la mtoto wa watu. Siku hizi tunaulizana mambo mia kwa siku kwenye simu, na mengi hatungoji hata jibu. Hilo moja nimelibeba, na kwa kuwa hakuna tena kilima cha kupigia, nalijibia hapa: nilikuwa nashiba, Bibi. Nilikuwa nashiba kabisa.