Aliyeitikia Shikamoo Yangu

Juzi nilikwenda Kiseke kumpongeza mtoto wa mdogo wangu kwa nyumba yake mpya. Alinitembeza chumba kwa chumba, akanionyesha jiko lenye vigae vinavyoteleza na bomba linalotoa maji ya moto, nami shangazi mtu nikasifu kila nilichoonyeshwa. Kisha akafungua dirisha la nyuma ili niuone ukuta wa uani. Fundi alikuwa ameuegemeza kwenye jiwe kubwa, akaokoa matofali. Nililitazama lile jiwe nikaishiwa na sifa.

Utaniambia, rafiki yangu, Mwanza yote ni mawe, hilo moja lina nini? Lina baba yangu. Kaa nikusimulie, maana kwa mtoto yule sikuweza kusema kitu. Nani amharibie mwenzake nyumba mpya?

Nilipokuwa mdogo huko kote kulikuwa mashamba. Pamba yetu ilianzia mlangoni ikaishia kwenye jiwe hilo. Ukipanda juu yake uliliona ziwa, na siku nyingine uliona vijidudu vya ziwani vimeinuka kama moshi wa kijiji kinachoungua, bila sauti, mpaka upepo uvivuruge. Asubuhi tulikula matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga, mchana ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando au dagaa walioanikwa juu ya mawe wakabeba mchanga wake. Mpaka leo dagaa wasio na mchanga naona kama wamepunguzwa kitu.

Baba alikuwa mwenye nguvu na mwenye hasira za karibu. Fimbo yake ya ng'ombe haikuchagua mgongo, na mgongo wa mama ilikuwa inaujua. Nasema hivyo bila kumsengenya, ndivyo alivyokuwa. Zamani aliwahi kupakia mizigo bandarini mjini, akarudi na koti moja na neno moja, shikamoo. Sisi nyumbani tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, basi imetosha. Baba akataka mimi nimwamkie kwa shikamoo kila nimwonapo, na mwalimu shuleni akataka hivyo hivyo, hata ikawa mtu mzima akinipita tu, goti linapinda lenyewe na neno linatoka. Bibi, mama yake baba, alisema hilo ni neno la wauza viatu wa mjini. Siku moja nilimwamkia hivyo kwa utani, akajaribu kuitikia, akatoa "malahaba". Baba alimcheka mpaka akakohoa, na bibi akaapa hatalitamka tena. Kwa hiyo katika nyumba yetu mtu wa kuitikia marahaba alikuwa mmoja tu.

Ajali ilitokea wakati wa kulima, mvua za mwaka uliotangulia Uhuru. Mama alikuwa mbele akiwaongoza maksai, baba nyuma ameshika plau. Kamba alikuwa ameizungusha mara mbili kwenye kiganja chake, jambo ambalo mwenyewe alimkataza kila mtu. Plau ikagonga mwamba uliofichwa na udongo, mpini ukaruka ukampiga kichwani, ng'ombe wakashtuka wakakimbia naye. Walipofika kwenye lile jiwe kamba ikakatika. Nilikuwa nakuja na kibuyu cha uji. Nakumbuka nilikiweka chini taratibu, nikakisimamisha vizuri kisimwagike, ndipo nikalia.

Lori la pamba likampeleka hospitali mjini, akakaa miezi miwili. Mama na jirani yetu, mjane aliyeishi ng'ambo ya kijito, wakamaliza kulima wenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kila maksai walipofika kwenye jiwe walisimama. Hawakuogopa, walisimama tu, masikio yameinuka, kama wanavyosimama wakisikiliza amri ya bwana wao. Kisha waligeuka wenyewe vizuri kabisa, bila mtu kuwagusa. Jirani akasema ng'ombe wana akili. Wakati wa palizi, jua la utosi, nilisikia mluzi. Ulikuwa mluzi wa baba wa kuwageuza ng'ombe, mfupi halafu mrefu. Nikamtazama mama, naye alikuwa amesimama na jembe hewani. Tukaendelea kupalilia.

Baba alirudi nyumbani na mguu ulioungwa kombo. Mganga wa hospitali alimwambia mama kuwa mifupa imeshika, yaliyobaki yatarudi yenyewe au hayatarudi. Na yaliyobaki yalikuwa mengi. Baba hakusema neno. Macho yake yalikupita yakatazama kitu nyuma yako, hata ukajikuta unageuka. Ukimlisha alimeza, ukimlaza alilala.

Mama alimhudumia namna ambayo hata leo sijaona. Alimgeuza asubuhi na jioni asipate vidonda, akamkanda mguu kwa samli ya moto, akamfungia mti ukutani ajifunze kushika na kusimama. Na alizungumza naye. Alimuuliza jambo, akangoja muda wa kutosha mtu kujibu, kisha akaendelea.

"Niongeze chumvi?" Kimya. "Haya, kidogo."

Mimi nilikuwa nakaa mlangoni, nikiusikiliza ule muda wa kungoja. Nilikuwa naogopa siku moja jibu litakuja. Nilikuwa naogopa zaidi kwamba halitakuja, kwa sababu ndugu za baba walikuwa wameanza kusema. Walisema mama ni mwanamke kijana, arudi kwao, na mgonjwa wamchukue wao wakamtazame mpaka afe. Wakampa mama muda mpaka mavuno yaishe.

Ndipo bibi akamwita mama jikoni. Alisema kwa sauti ya kawaida, anapepeta mtama, "Wewe unaosha nguo tu. Mwenyewe bado yuko kule kwenye jiwe. Kamchukue."

Ulikuwa utaratibu wa ukoo wao, si wa watu wote, na mama alikuwa amebatizwa, lakini hakubisha. Mke ndiye anayekwenda, mchana, jua likiwa juu. Anachukua nguo ya mumewe, anamwita kwa jina mahali alipoangukia, kisha anaibeba ile nguo mgongoni kama mtoto mpaka nyumbani. Mtoto wa damu anatangulia mbele na tawi, anafagia njia. Tangu jina liitwe, hakuna kusema, hakuna kugeuka nyuma, hakuna kumwitikia mtu yeyote. "Hata akikusalimia nani," bibi aliniambia, akinishika kidevu. "Umesikia?" Nilisema nimesikia.

Tukaenda. Pamba ilikuwa imepasuka, shamba lote jeupe, na hapakuwa na hata ndege. Mama akaweka mkono juu ya jiwe akamwita baba kwa jina, mara tatu, kama unavyomwita mtu chakula kimeiva. Akalitandaza shati la baba, akalikunja, akalibeba mgongoni kwa kaniki, akafunga fundo. Nikaona amelemewa. Shati tupu, rafiki yangu, na mama yangu anainama kama aliyebeba gunia.

Nikatangulia nikifagia. Nyuma yangu nilisikia miguu ya mama. Baada ya kitambo nikasikia na mingine. Ilikuja kwa haraka, ya mtu mzima, ikamfikia mama, ikampita, ikaja ubavuni kwangu. Nilikuwa nimeinamisha uso kama mtoto mwenye adabu, na sikukumbuka bibi wala kidevu. Goti likapinda.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuna aliyejibu. Nikainua uso. Njia ilikuwa tupu kutoka kwangu mpaka nyumbani. Nyuma yangu miguu ya mama ilisimama, na nikamsikia anahema. Hakuweza kunigombeza kwa sababu hakuruhusiwa kusema, nami sikuweza kumwomba radhi. Tulisimama hivyo muda mrefu. Nilijua nimemuua baba yangu kwa adabu. Kisha miguu ya mama ikaanza tena kutembea, nami nikafagia huku machozi yanadondokea kwenye tawi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kifua. Alingoja mama aingie, aifungue kaniki na kumfunika baba lile shati. Ndipo akauliza, "Nani amemwamkia?"

Nikalificha tawi nyuma yangu.

"Amesema malahaba," bibi akasema. "Sasa hivi, mlipokuwa kule njiani. Nilikuwa namfukuzia nzi. Amefungua mdomo akasema malahaba, vizuri kabisa, halafu akanitazama."

Tangu siku ile baba alianza kurudi. Neno moja, kesho mawili. Mama alimshika mkono kutoka kitandani mpaka mlangoni, wiki nyingine mpaka kwenye zizi, akihesabu hatua kwa sauti. Ndugu walipokuja baada ya mavuno walimkuta ameketi anachambua karanga, wakala wakaondoka. Siku ya Uhuru alitembea kwa fimbo mpaka shuleni tukaitazama bendera mpya, na watu wakamshangilia yeye karibu sawa na bendera. Mama alitembea hatua moja nyuma yake, mikono tayari. Sijamwona tena na uso ule wa furaha. Mwaka uliofuata nikapata mdogo.

Lakini nikuambie yote. Baba aliyekuwa hawezi kuuona mlenda sasa aliuomba. Hakupiga mluzi tena. Hakumgusa mama kwa fimbo hata siku moja, wala mimi, wala ng'ombe. Na kwa muda mrefu, kila alipotoka nje na kurudi, alisimama mlangoni akauliza, "Naingia?" Mama alimjibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na sote tukacheka, na yeye akacheka, akaingia. Maksai waliendelea kusimama kwenye jiwe na kuinua masikio. Mama akaamuru kipande kile kisilimwe. Tukakiacha kikaota majani.

Baba aliishi miaka thelathini baada ya hapo. Alikuwa mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, akafa usingizini, na nilimlilia mpaka sauti ikakauka. Siku moja baada ya arobaini tulikuwa tunachambua choroko, mama na mimi, nikaona sasa nimekuwa mtu mzima, naweza kuungama.

"Mama, siku ile njiani mimi nilisema."

"Nilikusikia," akasema. "Na mimi niligeuka."

Alitoa jiwe dogo kwenye choroko, akalitupa nje.

"Ukaona nini?"

"Walikuwa wawili, mwanangu. Mmoja alisimama mbali kule kwenye jiwe, ana fimbo, amekasirika kwamba nimechelewa. Mwingine alikuwa karibu yako. Ulipomwamkia aliinama akakuitikia, wewe hukumsikia. Wote walikuwa na uso wa baba yako." Akachota choroko nyingine. "Basi nikamchukua yule aliyekuitikia."

Mama naye ameshaondoka, na hayupo tena mtu wa kuulizwa. Nimejaribu kujiambia kuwa yalikuwa maneno ya mjane mzee aliyechoka, na siku nyingine naamini. Nilimpenda mtu aliyetulea, simbadilishi kwa mwingine. Ila nikiwa peke yangu namfikiria yule mwenye fimbo. Ndiye aliyenizaa, ndiye aliyenifundisha kuamkia watu, na alisimama pale akiona mke wake anaondoka na mwingine mgongoni. Hakuna aliyewahi kumlilia, hata mimi.