Pipa la Mchanga

Baada ya vita mabomba ya mtaa wetu wa Kisugu yalikuwa bado makavu, kwa hiyo tulichimba kisima uani. Maji tulipata, lakini watoto waliharisha kila mara. Nikaapa mambo hayo yataisha. Nikamwita fundi, Mkenya mwenzangu aliyehamia nchi hii kama mimi, akatutengenezea chujio: pipa lenye kokoto chini na mchanga juu.

Mimi uchafu siuvumilii. Kila Jumamosi niliutoa mchanga wote, nikausugua kwa sabuni, nikaurudisha. Watoto wakaendelea kuharisha.

"Mama watoto, hilo pipa ni pambo tu," akasema mume wangu.

"Nitalisugua mpaka likome!"

Fundi aliporudi aliukuta mchanga unanukia sabuni. Akashika kichwa. "Dada, ule utando wa utelezi unaoota juu ya mchanga ndio unaokula vijidudu. Kila wiki unamuua mlinzi wako. Kwa sasa chemsha maji ya kunywa mpaka utando uote tena, na mchanga usiuguse."

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya pipa, brashi mkononi, hasira zimenijaa. Kisha nikaingia ndani nikasugua sufuria zote, hata zilizokuwa safi. Pipa sikuligusa.