Namba Iliyojizungusha

Mama Mita hakuamini namba yoyote nzuri. Kwa miaka thelathini alikagua usomaji wa mita za maji, na aliwajua fika wasomaji wanaokaa kivulini wakapika namba. Ukimletea 123456 au 777777, anakurudisha mbio ukasome upya.

Jumapili moja wifi yake, mwalimu wa hesabu, alimwandikia 142857.

"Zidisha kwa mbili, wifi."

Akapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile, za mbele zimehamia nyuma tu! Akaisukuma kando kalkuleta, akashika penseli. Hadi kwa sita mambo yakawa yaleyale. Kwa saba ikatoka 999999.

"Hii namba ina njama," alisema. "Msomaji akiniletea hii, atanitambua!"

Kesho yake msomaji mmoja aliugua, ikabidi Mama Mita aingie mtaani mwenyewe. Uani kwa muoka mikate akafuta kioo cha mita. 142857. Akafuta tena. Ileile. Nani angemwamini, ilhali hata yeye mwenyewe hajiamini?

"Fungua bomba," alimwamuru muoka mikate.

"Maji yamwagike bure, mama?"

"Nimesema fungua!"

Ilichukua karibu saa nzima. Pipa limejaa, ua umekuwa tope, ndipo tarakimu ya mwisho ikageuka kuwa nane. Mama Mita akaandika 142858, akashusha pumzi. Ndiyo namba pekee aliyowahi kuipika maishani, na ndiyo pekee aliyoiamini palepale.